Kubadili mtindo wa maisha na kudumu nao

Mgonjwa wa shinikizo la juu la damu hutoka kliniki akiwa na maagizo mengi kwa mpigo: apunguze chumvi, apunguze uzito, afanye mazoezi, aache sigara. Hujitahidi wiki mbili au tatu, kisha hurejea alikotoka na kujilaumu kuwa hana nia. Mara nyingi kasoro haimo katika nia, bali katika namna badiliko lilivyopangwa. Wakati huohuo shinikizo huendelea kudhuru mishipa ya ubongo, moyo na figo, pasipo maumivu ya kumkumbusha.

Mtindo wa maisha una nguvu ya tiba. Katika utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2002, watu 3,234 waliokuwa katika hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili walifuatiliwa. Waliolenga kupunguza uzito kwa asilimia 7 na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari hiyo kwa asilimia 58. Waliotumia dawa ya metformin, kwa asilimia 31. Hao wa kwanza hawakuachwa na ushauri wa siku moja: walikuwa na vipindi 16 na mshauri katika wiki 24 za mwanzo.

Wahenga walinena kuwa mazoea yana taabu, na kuyajenga huchukua muda. Watafiti wa University College London waliwafuatilia watu 96, kila mmoja akichagua tendo moja na kulifungamanisha na jambo analolifanya kila siku. Kwa kawaida tendo lilizoeleka baada ya siku 66 hivi, ingawa kwa wengine zilikadiriwa 18 na kwa wengine 254. Kukosa siku moja hakukubomoa mazoea. Aliyeteleza leo hana sababu ya kuacha, aendelee kesho.

Chumvi ni mfano mzuri. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai. Lakini chungu ni cha familia nzima, hivyo mpishi naye ashirikishwe. Chumvi ipimwe kwa kijiko badala ya kukisiwa kwa mkono, ipunguzwe kidogo kidogo, na kikopo chake kiondolewe mezani. Baada ya majuma kadhaa ulimi huzoea, na ladha ya ndimu, tangawizi na kitunguu saumu huonekana zaidi.

Mhudumu wa afya naye abadili swali. Badala ya kuagiza “fanya mazoezi”, aulize: utatembea saa ngapi, kutoka wapi hadi wapi, na nani? Jibu kama “nitashuka daladala kituo kimoja kabla ya nyumbani” liandikwe kwenye kadi, na lifuatiliwe mgonjwa anaporudi.

Mabadiliko haya hayabatilishi dawa. Vipimo vikiwa vizuri, dozi ipunguzwe na daktari, si na mgonjwa mwenyewe.