Vipande vya kompyuta ya michezo sharti visikizane

KIJANA anayejiwekea akiba ili anunue kompyuta yake ya kwanza ya michezo aghalabu huanza kwa kuulizia kadi ya michoro, kwa kuwa ndiyo inayosifiwa sana na wenzake. Hapo ndipo hasara huanzia. Kadi yaweza kuwa nzima, tena ya bei nzuri, na bado ikakosa pa kuchomekwa au umeme wa kuiendesha.

Jijini Nairobi, njia ya mkato inayopendwa na wenye mfuko mwepesi ni kununua kompyuta ya mtumba iliyotumika ofisini ng'ambo, mfano Dell OptiPlex au HP EliteDesk, kisha kuitia kadi ya michoro. Wazo hilo si baya. Mashine hizo ni imara, na prosesa za Core i5 zilizomo zingali na nguvu ya kutosha kwa michezo kama GTA V, iliyotolewa kwa kompyuta mwaka wa 2015. Ila ziliundwa kwa ajili ya barua na hesabu za ofisi.

Kikwazo kikuu ni umeme. Nafasi ya kuchomekea kadi kwenye bodi kuu, ule ubao unaounganisha viungo vyote vya kompyuta, hutoa wati 75 pekee. Kadi inayohitaji zaidi ya hapo hudai waya wa ziada wa pini 6 au 8 kutoka kwa pawa saplai, na pawa saplai za mashine nyingi za ofisini hazina waya huo.

Wala kuibadilisha pawa saplai hiyo si jambo jepesi. Bodi za kawaida hupokea umeme kupitia plagi ya pini 24, ilhali modeli nyingi za Dell na HP zina plagi za kipekee zenye pini chache zaidi. Adapta za kuunganisha huuzwa, lakini mnunuzi akishalipia adapta na pawa saplai mpya, huenda akakuta kwamba saplai yenyewe haitoshei ndani ya kasha.

Ndiposa kadi kama GTX 1050 Ti ya mwaka wa 2016 na GTX 1650 ya 2019, zote za Nvidia, zikapendwa na wanunuzi wa aina hii. Matoleo mengi ya kadi hizo hutosheka na zile wati 75. Hata hivyo, jina peke yake halitoshi, kwani baadhi ya watengenezaji waliziwekea kichomekeo cha pini 6. Mnunuzi aishike kadi mkononi na kuitazama ukingoni kabla ya kutoa pesa.

Atazame pia kimo. Makasha membamba ya ofisini hupokea kadi za nusu kimo tu, ambazo ni adimu na mara nyingi huuzwa ghali zaidi. Anayenuia kucheza michezo heri atafute kasha la mnara tangu mwanzo, hata kama litamla nafasi mezani.

Umri wa mashine nao una uzito. Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, na Windows 11 haizitambui rasmi prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha 8, isipokuwa chache mno. Baadhi ya michezo ya mtandaoni, ukiwemo Valorant, hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0 inapochezwa kwenye Windows 11. Kwa hivyo mashine ya kizazi cha 6 inayouzwa kwa bei ya kutupa ni ile rahisi inayogeuka ghali.

Mwenye uwezo wa kuunda kompyuta yake kipande kwa kipande hana budi kuchagua prosesa na bodi kuu kwa pamoja, kwa sababu ya soketi. Prosesa za AMD za soketi ya AM4 hutumia kumbukumbu ya DDR4. Zile za AM5, iliyozinduliwa mwaka wa 2022, hutumia DDR5 pekee. Upande wa Intel, soketi ya LGA1700 ina bodi za DDR4 na nyingine za DDR5, wala kumbukumbu ya aina moja haiingii kwenye nafasi ya nyingine.

Mtego mbaya zaidi ni LGA1151. Prosesa za Intel za kizazi cha 6 na 7, na hata za 8 na 9, zote hukaa kwenye soketi ya jina hilo. Lakini prosesa ya kizazi cha 8 ikiwekwa kwenye bodi iliyoundiwa kizazi cha 6, itaingia vizuri kabisa na kompyuta haitawaka. Fundi asiyelijua hilo huweza kumwambia mteja kwamba prosesa imeungua.

Bodi ya AMD yenye chipu ya B450, ya mwaka wa 2018, nayo huipokea Ryzen 5 5600 iwapo tu programu yake ya BIOS imeboreshwa. Muuzaji aombwe kuifanya kazi hiyo dukani.

Herufi mwishoni mwa jina la prosesa isipuuzwe. Core i5-12400F haina sehemu ya michoro ndani yake, na bila kadi skrini haitaonyesha chochote. Ryzen 5 5600G inayo, na kwa mwenye akiba ndogo hilo ni jambo la maana: ataweza kucheza michezo myepesi huku akichangisha pesa za kadi. Katika hali hiyo vipande viwili vya kumbukumbu vya GB 8 ni bora kuliko kimoja cha GB 16, maana sehemu hiyo ya michoro hutegemea kasi ya kumbukumbu.

Pawa saplai kuukuu nyingi zina swichi ndogo nyekundu nyuma, yenye 115 na 230. Umeme wa Kenya ni volti 240. Mashine iliyotoka Marekani ikichomekwa ukutani swichi ikiwa kwenye 115, pawa saplai italipuka papo hapo, na huenda ikaiharibu bodi pia. Swichi hiyo ikaguliwe kabla mashine haijawashwa dukani, kisha mchezo uchezwe kwa nusu saa hivi mbele ya muuzaji kabla ya pesa kutolewa.