Milimita Mbili za Mninga

Katika karakana za samani za Choma, wilayani Igunga, kama ilivyo Nzega na Tabora mjini, huwa kuna rundo ambalo hakuna anayelitazama mara mbili. Ni vipande vya mninga vilivyosalia baada ya kitanda au mlango kukamilika, vingine virefu kama kiganja, vingine vinene kama kidole gumba. Jioni rundo huingia jikoni na kupika ugali. Huko Uingereza na Marekani, watu wanaotengeneza kalamu kwa mikono hununua kipande cha ukubwa uleule kimoja kimoja, nao hukihesabu kuwa mbao adimu kutoka nchi za mbali. Mti ni huuhuu wetu.

Kazi ya kutengeneza kalamu ya mbao inaitwa kukereza, na neno hilo Kiswahili kinalo tangu zamani. Mafundi wa pwani walikereza miguu ya vitanda kwa kerezo la kuzungushwa na uta na kamba, mota ya umeme ikiwa haijafikiriwa. Bara, katika njia ya misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, kilichopita mabegani mwa wapagazi ni pembe za ndovu. Nyingi zilisafirishwa ghafi, zikakerezwa ugenini kuwa mipira ya biliadi au kupasuliwa kuwa vipande vya kufunika vitufe vya piano. Jambo hilo hunirudia kila ninapoona gogo likipakiwa lorini: thamani kubwa huzaliwa pale patasi inapogusa, na mara nyingi patasi hiyo imekuwa ya mtu mwingine.

Kalamu huanza na kipande cha sentimita 2 kwa 2, urefu sentimita 13. Hukatwa, hutobolewa katikati kwa keekee ya milimita 7, na ndani yake hugundishwa mrija mwembamba wa shaba ya njano. Kisha huzungushwa kwenye kerezo na kupunguzwa kwa bobari hadi mbao inayouzunguka mrija ibaki na unene wa milimita mbili hivi, pengine moja karibu na ncha. Sayansi yote ya kalamu imo ndani ya hizo milimita mbili.

Mbao ni rundo la mirija midogo mno iliyolala kufuata urefu wa shina. Mti ukiwa mbichi, mirija hiyo ina maji ndani, na kuta zake pia zimelowa. Maji ya ndani ya mirija hutoka kwanza, na yakitoka mbao hupungua uzito tu. Umbo lake huanza kubadilika unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi ya uzito wa mbao kavu, kwa kuwa hapo ni kuta zenyewe zinazoachia maji na kusinyaa. Tena hazisinyai sawasawa. Kwa mbao nyingi, kusinyaa kwa kufuata duara la shina ni karibu mara mbili ya kusinyaa kwa kuelekea kiini, na kwa urefu ni kama hakuna. Shaba haijui habari hizo. Mbao ikikauka ikiwa imeuzunguka mrija wa shaba, inataka kubana, mrija unakataa, na mvutano hutafuta njia kwa kupasua ufa kufuata nyuzi. Ikinyonya unyevu, hutanuka na kuvimba kupita ukingo wa chuma.

Mkoa wa Tabora huipa mbao mtihani huu kila mwaka: mvua kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha miezi ya ukavu ambapo hata midomo ya watu hupasuka. Mninga huupita vizuri kuliko mbao nyingi, kwa sababu husinyaa kidogo sana unapokauka. Ndiyo maana mlango wake haugomi kufunga masika. Lakini hata mninga ni lazima ukauke kwanza. Mimi hupaka nta kwenye ncha zote mbili za kipande, kwa kuwa maji hukimbilia nchani haraka mara nyingi zaidi kuliko ubavuni, na ncha zikitangulia kukauka hupasuka. Halafu hukipima kila wiki kwa mizani ndogo kama ya sonara. Uzito ukiacha kushuka, kipande kimepatana na hewa ya chumba.

Mpingo una tabia nyingine kabisa. Mninga huelea majini. Mpingo mkavu huzama, maana mita moja ya ujazo hufikia kilo 1,200 au zaidi. Vinyweleo vyake ni vidogo mno na nyuzi zimeshonana, hivyo hushika mchongo kama chuma laini, na hiyo ndiyo sababu klarineti na mabomba ya zumari za Uskoti hukerezwa humo. Kalamu yangu ya kwanza ya mpingo ilipasuka ikiwa bado mikononi mwangu. Nilitoboa kwa pupa. Mbao haipitishi joto vizuri, kwa hiyo moto wa msuguano ulibaki palepale ukutani mwa tundu, ukaukausha ukuta huo kabla ya sehemu nyingine, na ufa ukatokea. Sasa natoboa sentimita moja, natoa keekee, napangusa maranda, nasubiri ipoe. Mpingo pia una mafuta ya asili yanayoizuia gundi kushika, na kabla ya kuingiza mrija inafaa kupangusa tundu kwa spiriti.

Vumbi lake si la kuchezea. Kemikali zinazoulinda mti dhidi ya wadudu na kuvu ndizo zinazowasha ngozi ya fundi, na vumbi la mninga nalo huweza kuleta pumu. Barakoa nzuri ni kifaa cha kazi sawa na patasi.

Kisha huja kung'arisha, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mbao haing'ai kwa sababu ya mikwaruzo: kila mkwaruzo hutawanya nuru upande wake. Msasa namba 150 hufuta alama za patasi na kuacha mikwaruzo yake, namba 240 hufuta hiyo na kuacha midogo zaidi, na hivyo hivyo hadi 600, ambao chembe zake ni nyembamba kuliko unywele. Kabla ya kubadili namba husimamisha kerezo na kusugua kwa urefu, nikifuata nyuzi, ili kuondoa pete zilizobaki. Ukiruka namba moja, jua la dirishani litakuumbua.

Wengi wa ng'ambo humalizia kwa tabaka za gundi ya haraka, ile inayogeuka plastiki ngumu ikikutana na unyevu kidogo wa hewa. Hung'aa kama kioo na hustahimili jasho. Mimi huchagua nta ya nyuki, nikijua fika kwamba italika na itabidi ipakwe tena. Nta huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 za Selsiasi. Ukiigusisha kwenye kalamu inayozunguka na kuibana kwa kitambaa cha pamba, msuguano pekee huifikisha hapo; huyeyuka, hunywewa, na michirizi ya dhahabu na hudhurungi ya mninga huibuka kama imepigwa mvua. Na nta hiyo ni ya Tabora, imetokana na nyuki waliokula maua ya miombo, katika misitu ileile ambamo mninga huota.

Tufanye hesabu kidogo. Kipande kimoja ni sentimita 52 za ujazo, kwa hiyo mita moja ya ujazo ina zaidi ya vipande 19,000. Hata nusu nzima ikipotea kwa msumeno na kasoro, bado ni kalamu zaidi ya 9,000. Mita hiyo hiyo ikiwa kuni kwenye bani la kukaushia tumbaku huisha bila kuacha kitu ila majivu. Na mti hauharakishwi. Mche wa mninga hufa sehemu ya juu kila kiangazi, kwa ukame au moto, ukachipua tena mvua zikirudi. Hukaa hivyo miaka mingi, mzizi ukinenepa chini, kabla ya shina kusimama moja kwa moja. Mpingo hukadiriwa kuhitaji miaka 70 au zaidi kufikia unene wa kuvunwa. Ndiyo maana biashara yake ya kimataifa iliwekewa masharti ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu Januari 2017, ingawa bidhaa zilizokamilika, kalamu zikiwemo, zina msamaha hadi kilo 10 za mbao kwa shehena. Sioni sababu ya kukata mti hata mmoja kwa ajili ya kalamu wakati rundo la karakanani lipo.

Mwezi Septemba, katikati ya ukavu, nilikereza kalamu mbili kutoka kwenye mabaki ya karakana: moja ya mninga, nyingine ya mpingo. Nilizipima kipenyo nikaandika. Machi, mvua ikiwa imeshiba ardhi, nilizipima tena. Ya mpingo ilikuwa imevimba kiasi kwamba ukucha ulikwama kidogo pale mbao inapokutana na pete ya shaba. Kwenye ya mninga niliupitisha ukucha mara tatu, haukukwama popote.