Ufundi bila karatasi, mshahara wa manevre

Kila mwezi mwajiri analipa INPP feza kufuatana na mishahara anayotoa. Ni sheria. INPP iliundwa 1964 kusudi wafanyakazi wafundishwe, na hapa Lubumbashi iko. Lakini ku migodi, vijana wengi banajifunza mashini kwa kutazama mwenzao tu. Kijana anaiendesha vizuri, ila ku karatasi angali manevre, na analipwa kama manevre.

Tukumbuke 2003: wafanyakazi zaidi ya 10.000 waliondoka Gécamines. Siku kama ile, fundi asiye na karatasi anaanza tena ku chini.

Ndugu badelege, mbele ya bakubwa musiombe mshahara tu. Muulize: feza ya INPP inafundisha nani? Na karatasi ya ufundi ikae mu mikono ya mwenyewe.