Kabari ya Mwamba Haihitaji Ugumu Mwingi

Ukiteremka kutoka mji wa Embu kuelekea Siakago, mawe hubadilika chini ya miguu yako. Miteremko ya Mlima Kenya, hadi huko Meru, ni mwamba wa volkano. Mbeere ni naisi na graniti, kongwe zaidi. Kote huko tindo hafifu haidumu. Baruti hutaka kibali chini ya Sheria ya Vilipuzi, Sura 115, nao moto wa kuni unaomwagiwa maji hupasua jiwe ovyo: utapata kokoto, si jiwe la kujengea. Zimebaki kabari.

Wateja huuliza, "Fundi, kabari iwe ngumu kiasi gani?" Naona swali limekaa kichwa chini. Graniti huvumilia sana kubanwa, lakini ikivutwa huachia kwa nguvu isiyozidi takriban sehemu moja ya kumi. Kabari basi haikati kitu. Huingia tunduni kati ya mbavu mbili za chuma na kuzisukuma kando mpaka jiwe lichanike. Kinachokata ni tindo ya kutobolea, na hiyo ndiyo idaiwe ugumu. Kabari idaiwe ukakamavu: ipigwe nyundo kutwa isikatike.

Springi ya lori inafaa, kwa kuwa kaboni yake huwa karibu asilimia 0.6. Nondo ni laini mno kwa kabari, ingawa mbavu zitatoka humo vizuri. Springi iliyotupwa mara nyingi ina ufa usioonekana. Ipake mafuta ya taa, ifute ikauke, kisha uipake chokaa. Penye ufa mstari utajichora.

Ifue ikiwa rangi ya chungwa, na mchongoko uwe mwembamba. Kabari nene hudunda na kurudi juu kila ukiigonga. Ifukie kwenye majivu ipoe taratibu, uinyooshe kwa tupa, kisha upashe moto nusu ya chini tu. Sumaku ikiacha kuinasa, karibu nyuzi 770, ongeza moto kidogo, uizamishe kwenye oili. Si maji, maana humo springi hupasuka.

Sasa ni ngumu lakini inavunjika upesi. Isugue kwa msasa ing'ae, uipashe polepole ukitazama rangi zinavyotembea: manjano, kahawia, zambarau, samawati. Tindo iishie kwenye kahawia. Kabari ifike samawati, karibu nyuzi 300. Wengi huona uchungu kuupoteza ule ugumu waliouhangaikia, wakaishia na kabari vipande viwili.

Kichwa kisiguswe na oili kabisa. Kichwa kigumu humeguka na kurusha vipande machoni. Kilicho laini hutanuka tu kama uyoga, ukakisaga kwa grenda kabla kingo hazijaanza kuchanika. Miwani uvae hata hivyo.

Kazini, toboa matundu kwa mstari, sentimita 15 hivi kati yake, ugonge kabari zote kwa zamu, kidogo kidogo, ukingoja kati ya mizunguko. Naisi ya Mbeere ina matabaka, fuata hayo. Jiwe la volkano lenye vitundu vya hewa halifuati mstari wa mtu, na hapo nyundo kubwa itakupunguzia kazi kuliko kabari yoyote.