Mkono, Gia na Pipa: Jinsi Mashine za Kwanza za Kufulia Zilivyofanya Kazi

Kufua nguo kunategemea mambo manne: maji ya kubeba uchafu, sabuni ya kuutenganisha na nyuzi za kitambaa, joto la kuisaidia sabuni, na mwendo wa kuyapitisha maji hayo ndani ya kitambaa tena na tena hadi uchafu utoke. Jambo la nne ndilo walilohangaika nalo mafundi wa Ulaya na Marekani kwa zaidi ya karne moja kabla ya umeme kuingia majumbani, kwa kuwa ndilo lililochosha mikono, mabega na migongo ya wafuaji. Mtu akiichunguza michoro ya mashine zao, huona upesi kwamba ugumu haukuwa katika kutafuta chombo cha kutia nguo na maji, bali katika kuichukua nguvu ya mkono wa binadamu, ambayo ni ndogo na hupungua haraka, na kuigeuza iwe mwendo unaosafisha kitambaa bila kukichana wala kukisokota.

Mashine hizo hazikuzuka kutoka katika ombwe. Nyingi zilitokana na vifaa vya mkononi vilivyokuwa vikitumika tayari, na cha kwanza miongoni mwake kilikuwa aina ya upekecho, yaani kigoda kidogo chenye miguu mitatu hadi sita kilichopachikwa chini ya mpini mrefu, ambacho mfuaji alikisimamisha ndani ya pipa na kukipekecha kulia na kushoto ili miguu yake iziburute nguo majini. Cha pili kilikuwa mchi wenye kichwa cha shaba kilicho wazi kwa chini, ambao uliposhindiliwa uliyasukuma maji kupita katikati ya nguo, na ulipoinuliwa uliyavuta yarudi. Cha tatu kilikuwa ubao wa kufulia wenye matuta, ambao kazi yake ni ile ile ya kufikicha nguo kwa viganja.

Jacob Christian Schäffer, mchungaji na mwanasayansi wa mji wa Regensburg nchini Ujerumani, ambaye pia alisifika kwa majaribio ya kutengeneza karatasi kutokana na mimea, alichapisha mwaka 1766 maelezo ya mashine iliyoufuata upekecho: pipa la mbao lenye kifuniko, na katikati ya kifuniko mhimili uliosimama wima, wenye vijiti kwa chini na kishikio kwa juu. Miaka 16 baadaye, mwaka 1782, Mwingereza Henry Sidgier alipewa hataza, yaani hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya pekee juu ya uvumbuzi wake kwa muda maalumu, kwa mashine ya namna nyingine kabisa. Katika mashine yake nguo zilitiwa ndani ya tenga la fito za mbao lililolala ndani ya chombo cha maji na kuzungushwa kwa kishikio kilichokuwa ubavuni. Kwa Schäffer nguo zilitulia chini na kifaa kikazisukuma kutoka juu. Kwa Sidgier chombo chenyewe kilizunguka pamoja na nguo zake. Mashine za leo zinazofunguliwa kwa juu na zile zinazofunguliwa kwa mbele zimegawanyika kwa msingi huo huo.

Kulikuwa na ukoo wa tatu, wa mashine zilizouiga ubao wa kufulia, ambamo sakafu ya chombo ilipindwa na kuwekewa matuta, na juu yake ukapita ubao mwingine wenye matuta uliosukumwa mbele na nyuma kama bembea. Mashine hizo zilipendwa kwa sababu zilifanya jambo ambalo kila mfuaji alilijua, lakini zilikuwa na kasoro ya msingi. Mkono wa mtu huhisi mahali palipo na kifungo, mshono au kitambaa kilichochakaa na kulegeza nguvu hapo, ilhali matuta mawili ya mbao hayahisi chochote, kwa hiyo yalikwangua nguo yote kwa nguvu moja na kuila haraka. Walioiga tendo la kiganja kwa uaminifu mkubwa ndio walioambulia matokeo dhaifu, na walioliacha tendo hilo wakashughulikia mwendo wa maji ndio waliofika mbali.

Mashine za upekecho nazo zilikuwa na adui yao, ambaye ni kusokotana. Mhimili ukizungushwa upande mmoja mfululizo, nguo hujiviringisha kwenye miguu yake hadi kuwa kamba nene, kisha maji hayapiti tena ndani ya kitambaa, na mkono unakutana na uzito usiosogea. Dawa yake ilikuwa kuugeuza mwendo kila baada ya nusu mzunguko au zaidi kidogo. Fundi aliliweza hilo kwa kutumia kipande cha gurudumu la meno, yaani sehemu tu ya duara, kilichounganishwa na wenzo wa kusukuma na kuvuta. Meno yake yalishikana na gia ndogo iliyokaa juu ya mhimili wa upekecho. Ikiwa nusu kipenyo cha kipande hicho ni mara nne ya kile cha gia ndogo, kukisogeza kwa nyuzi 45 tu kunaizungusha gia ndogo kwa nyuzi 180, na hivyo msukumo mfupi wa mkono ukazaa nusu mzunguko kamili wa nguo, na mvuto wa kurudi ukazifumua pale zilipoanza kujisokota.

Kusukuma na kuvuta huchosha kuliko kuzungusha, kwa sababu mkono unalazimika kusimama na kuanza upya kila mara. Kwa hiyo watengenezaji wengine waliweka gurudumu zito la chuma cha kusubu lililozungushwa upande mmoja bila kukoma, na fimbo iliyofungwa kando ya kitovu chake ikakipeleka kipande cha meno mbele na kukirudisha. Uzito wa gurudumu ulikuwa ghala la mwendo: lilipokea nguvu wakati mkono ulipokuwa na wepesi, na kuitoa pale fimbo ilipofika mwisho wa safari yake, mahali ambapo msukumo wa mkono peke yake haufui dafu.

Katika baadhi ya mashine za aina hii kuna jambo dogo linaloonyesha akili kubwa. Mhimili wa upekecho ulichongwa uwe wa pembe nne, na tundu la gia likatobolewa kwa umbo hilo hilo, ili gia iuzungushe mhimili huku ikiuacha uteleze juu na chini kwa uhuru. Pipa likijaa mablanketi, upekecho hupanda. Likiwa na mashati mawili, hushuka. Na wakati wote huzikalia nguo kwa uzito wake wenyewe, bila mtu kurekebisha chochote. William Blackstone wa Bluffton, jimbo la Indiana, ambaye jina lake linahusishwa na mashine ya nyumbani ya mwaka 1874, alijenga juu ya ukoo huu wa pipa, vijiti na gia.

Pipa la kulala lilitii sheria nyingine. Humo nguo husafishwa na anguko lao: mbao zilizopigiliwa ndani huzibeba juu, kisha nguo hudondoka na kujipiga majini. Pipa likizungushwa kasi mno, nguvu inayosukuma vitu kutoka katikati kwenda pembezoni huzibandika nguo ukutani, hata zisianguke. Kwa pipa la nusu kipenyo cha sentimita 25, mpaka huo ni takriban mizunguko 60 kwa dakika, na kwa bahati njema mtu anayezungusha kishikio kwa utulivu hubaki chini yake. Tatizo lilikuwa uzito, kwa maana nguo zilizolowa hukaa upande mmoja wa pipa na kuupinga mkono katika kila mzunguko, ndiyo sababu gia ya kupunguza kasi na kuongeza nguvu ilikuwa ya lazima katika mapipa makubwa. Hamilton Smith wa Pittsburgh, aliyepata hataza ya pipa la kuzunguka mwaka 1858, aliongeza mwaka 1863 mtambo wa kuligeuza pipa upande wa pili, kwani nguo husokotana hata humo.

Mbao zilitawala kwa muda mrefu. Pipa la mbao hufunga maji kwa sababu mbao zikilowa huvimba na kubanana, lakini likiachwa kavu kwa siku nyingi huvuja, na likiachwa na maji huoza. Chuma kitupu kilitia nguo madoa ya kutu yasiyotoka, na shaba, iliyofaa kuliko vyote, ilikuwa ghali. Bati lililopakwa zinki ndilo lililoleta nafuu kwa nyumba za kawaida.

Kukamua kulidai mtambo wake. Mwaka 1843 John Turnbull wa Saint John, New Brunswick, katika Kanada ya leo, alipata hataza ya mashine ya kufulia iliyounganishwa na rola za kukamulia, yaani magogo mawili membamba yanayozunguka yakielekeana na kuipitisha nguo katikati yake. Rola za mbao ngumu zilivunja vifungo, hadi mpira uliopikwa kwa salfa, ambao Charles Goodyear aliupatia hataza mwaka 1844, ulipoanza kuvishwa juu yake, ukabonyea pale penye mshono na kubana pale palipo pembamba. Springi zilizokazwa kwa skrubu ziliishindilia rola ya juu. Rola hizo zilipoachana ili kupisha kitambaa kinene, gia zao ziliweza kuachana pia, na ndiyo maana gia za kikamulio kizuri zilipewa meno marefu kupita kawaida.

Hata hivyo, ubunifu wote huo uligusa sehemu ndogo ya kazi. Maji ya lita 40 yana uzito wa kilo 40, na yalichotwa, yakabebwa na kumwagwa kwa mikono, kisha yakabadilishwa kwa kusuuza. Kuyapasha moto kutoka nyuzi 20 hadi 80 za Selsiasi kunahitaji nishati ya takriban kilojuli 10,000, wakati mtu anayezungusha kishikio kwa nguvu ya wati 50 kwa nusu saa hutoa kilojuli 90 tu. Kuni au makaa yalifanya kazi zaidi ya mara 100 ya ile ya mkono, na kuni hizo mtu ndiye aliyezikusanya na kuzichochea. Matangazo ya biashara yaliyoahidi kuifuta siku ya kufua yalikuwa yakizungumzia nusu saa ya kuzungusha, si saa za kisimani na jikoni, na ni haki kwa wanawake waliobeba mzigo huo kusema hivyo waziwazi.

Injini na mota zilipofika, mtambo haukubuniwa upya. Kampuni ya Maytag ya Newton, Iowa, ilianza kutengeneza mashine za kufulia mwaka 1907 kwa mashine ya pipa la mbao ya kuzungusha kwa mkono, iliyoitwa Pastime, na muda si mrefu ikaweka puli ili mkanda wa injini uchukue nafasi ya mkono. Mashine nyingi za mwanzo za umeme ziliubakisha upekecho na rola zile zile. Rola ndizo zilizohitaji kufikiriwa upya, kwa kuwa mtu aliyekamua kwa mkono wake mwenyewe alisimama mara kidole kilipobanwa, ilhali mota iliendelea kuvuta, kidole kikafuatwa na kiganja, kisha mkono hadi kwenye kiwiko. Kwa hiyo vikamulio vya mota viliongezewa kitu ambacho vile vya mkono havikukihitaji kwa kiasi hicho: wenzo wa dharura, ambao ukipigwa kwa kiganja huziachanisha rola papo hapo.