Nyonga ya Bibi na Unga wa Plastiki

Bibi akiwekewa nyonga ya bandia, mara nyingi huwa ni kichwa cha chuma kinachozunguka ndani ya kikombe cha plastiki iitwayo polithilini. Kila hatua anayopiga husaga plastiki hiyo kidogo sana. Unga wake hauonekani kwa macho: chembe nyingi hazifiki hata sehemu ya elfu moja ya milimita.

Mwilini mna seli walinzi ambazo kazi yao ni kumeza uchafu, na hapa ndipo umbo linapoleta tofauti. Wewe humeza punje ya wali bila shida, lakini mwiba wa samaki je? Chembe ya mviringo humezeka. Iliyo ndefu kama uzi, ikishikwa ubavuni, hukwama, na seli ikihangaika humwaga kemikali za kuwaita wenzake. Maabarani imeonekana kwamba chembe ndefu za polithilini huamsha uvimbe zaidi kuliko za mviringo. Uvimbe ukidumu miaka, mfupa hulika na nyonga hulegea.

Aina ya plastiki nayo ina lake. Daktari John Charnley wa Uingereza alianza na tefloni, ikasagika upesi na kuleta uvimbe mbaya. Alijipandikiza vipande pajani mwake kupima (msijaribu!), na mwaka 1962 akahamia polithilini.

Wazazi, mama akilalamika maumivu mapya ya kinena au paja miaka mingi baada ya upasuaji, msimwambie ni uzee. Ombeni apigwe eksirei.