Bima ya jengo: Haki za mpangaji wa biashara ni zipi?

MPANGAJI wa karakana au duka huko Kariobangi anayetakiwa na mwenye jengo kuchangia bima juu ya kodi ya kila mwezi huamini kwa urahisi kwamba moto ukizuka, mashine na bidhaa zake zitafidiwa. Na moto si jambo la kufikirika tu mitaa ya Eastlands. Ule uliozuka sokoni Gikomba mnamo Juni 28, 2018 uliua watu wapatao 15 na kuteketeza mali ya wengi.

Imani hiyo ni potofu. Bima ya jengo hulinda kuta, paa na vitu vilivyojengewa humo, basi. Anayeikata ni mwenye jengo, na mkataba ni baina yake na kampuni ya bima. Mpangaji, hata akigharimia malipo yote, si mhusika katika mkataba huo ila jina lake linapoandikwa katika hati. Cherehani, vyuma na shehena yake huhitaji bima yake mwenyewe.

Je, anaweza kulazimishwa kuchangia? Sheria ya mwaka 1965 kuhusu wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, yaani Sura ya 301, humlinda mpangaji ambaye mkataba wake haukuandikwa, au uliandikwa kwa muda usiozidi miaka 5. Maafikiano ya mdomo, ambayo wengi hudhani hayana nguvu, ndiyo hasa yanayolindwa. Mwenye jengo hawezi kumwongezea mpangaji wa aina hii mzigo wa bima kwa ghafla. Sharti atoe ilani katika fomu rasmi, miezi 2 au zaidi kabla ya mabadiliko kuanza. Mpangaji asiyeridhika hutakiwa kumjibu katika muda wa mwezi mmoja na kuwasilisha malalamiko kwa Jopo la Kodi za Majengo ya Biashara (BPRT) kabla ya siku hiyo kufika. Akifanya hivyo, ilani haina nguvu hadi jopo liamue. Jopo pia lina uwezo wa kukadiria ada ya huduma iliyojumuishwa katika kodi.

Hata hivyo, karakana ambayo hutengeneza bidhaa tu, bila kuuza wala kutoa huduma hapo, huenda isihesabiwe kuwa duka. Wenye viwanda vidogo vya Kariobangi Light Industries hawana budi kulizingatia hilo. Majengo ya serikali nayo hayamo katika sheria hii.

Aliyekubali kuchangia na adai nakala ya hati. Atazame kwanza kiasi kilichokatiwa bima. Jengo la thamani ya Sh10 milioni likikatiwa bima ya Sh6 milioni, hasara ya Sh2 milioni kwa kawaida hulipwa Sh1.2 milioni pekee. Atazame pia kazi iliyotajwa: ikiwa hati inasema duka la nguo ilhali ndani huchomelewa vyuma, kampuni inaweza kukataa kulipa. Kisha aulize risiti ya kampuni, kwani kinga haianzi kabla ya malipo kufika. Mchango ulioishia mfukoni mwa mwenye jengo haumkingi yeyote.

Baada ya moto, Sheria ya Ardhi ya 2012 huingilia kati. Jengo lisipofaa tena kutumiwa, na chanzo si uzembe wa mpangaji au wafanyakazi wake, kodi na michango mingine husimamishwa, yote au kwa kadiri ya uharibifu. Miezi 6 ikipita bila ukarabati, mpangaji anaweza kuvunja mkataba kwa ilani ya mwezi mmoja.

Na ikiwa uzembe ulikuwa wake? Kampuni ikishamlipa mwenye jengo huweza kumgeukia mpangaji ili irudishiwe fedha zake. Mwaka 1985, Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliizuia kampuni ya bima kuidai Berni Inns, mpangaji aliyekuwa amechangia malipo chini ya mkataba uliomtaka mwenye jengo kutumia fidia kujenga upya. Majaji waliona kuwa bima hiyo ilikuwa ya manufaa ya wote wawili. Uamuzi huo hauzifungi mahakama za Kenya, lakini unaweza kutajwa mbele yao, mradi mpangaji awe na stakabadhi za michango yake.

Malalamiko dhidi ya kampuni ya bima hupelekwa kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima (IRA); yale ya mwenye jengo, kwa BPRT.